Siku mkimbiaji anapotundika viatu

Vitabu tulivyosomea saikolojia ya michezo vingi viliandikwa Ulaya na Marekani. Vikifika kwenye sura ya kustaafu, swali huwa moja: mtu huyu atajiona nani akiacha mashindano? Ni swali la maana, na nimewasikia wakimbiaji wakilia kwa ajili yake. Ila hapa Eldoret na Iten, miji ya wakimbiaji nchini Kenya, halitangulii. Linalotangulia ni karo ya Januari itatoka wapi.

Mwanariadha akija kwangu mara ya kwanza, namwomba aandike kwenye daftari kila anayemtegemea. Huanza na watoto wake, kisha wadogo zake walioko sekondari, mama, shangazi mwenye kisukari, kijana wa jirani aliyeahidiwa viatu vya mazoezi. Ukurasa unajaa. Tunafunua wa pili, tunaandika mapato: pesa za zawadi ambazo hazilipwi mpaka majibu ya vipimo vya dawa yatoke, kodi ya nchi aliyokimbilia, fungu la meneja, mara nyingi asilimia 15, na mkataba wa kampuni ya viatu, ambao malipo yake hupunguzwa akikaa nje kwa jeraha. Ukurasa huu haujai.

Ndiyo sababu wengi wao hawatangazi kustaafu. Goti likianza kusumbua, mtu anageuka mweka kasi, wa kuwaongoza wenzake mwanzoni mwa mbio kisha kuwaachia, anaendelea kusema atarudi msimu ujao, na nyumbani hakuna anayethubutu kumuuliza. Kumwambia mtu kama huyo "jitafute wewe ni nani" ni kumwacha peke yake na lile daftari.

Kinachombeba mtu baada ya mbio hutofautiana na nchi. Kenya imetegemea sana ajira za sare: David Rudisha ni wa polisi, Catherine Ndereba alikuwa Magereza, Paul Tergat alitoka jeshi la anga. Tanzania ni vivyo hivyo. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, ni askari wa JWTZ, jeshi la nchi hiyo. Wengine huona ajira hizi kama upendeleo. Mimi naziona kama sera bora ya kustaafu tuliyo nayo, kwa sababu mshahara haukatiki siku miguu inapochoka, na kazini mtu ana cheo ambacho hakupewa na saa ya mashindano.

Japani ina mpango unaofanana na huo, ila mwajiri ni kampuni. Timu za marathoni ni za viwanda na mashirika, na Mjapani akiacha mbio mara nyingi huwa bado ana meza yake ofisini. Vijana wetu wamepitia timu hizo kwa miaka mingi. Douglas Wakiihuri alikuwa akiishi na kujinoa huko aliposhinda ubingwa wa dunia mjini Roma mwaka 1987. Kwa mgeni, hata hivyo, mara nyingi mkataba ukiisha safari ni ya nyumbani. Marekani nako chuo kikuu hukupa shahada, jambo kubwa, lakini masomo yakiisha kila mtu anashika njia yake. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi huko. Baadaye pombe ikamwandama miaka mingi, na aliwahi kukosa hata pa kulala, ugenini. Kipaji alikuwa nacho. Ukoo ulikuwa mbali, na hakuwa na mwajiri wa kumshika mkono.

Ninayependa kumtaja sana kwa vijana ni Mtanzania Filbert Bayi. Dunia inakumbuka Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.16. Mimi nakumbuka shule alizoanzisha na mkewe Anna, Kimara na baadaye Kibaha. Bayi alikuwa mwanajeshi, akawa pia kiongozi wa michezo, na shule zile zikawa kazi yenye wanafunzi, walimu na ada, isiyomtaka akimbie tena.

Kwa wanawake kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2024 mkimbiaji Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, hapa Kenya, akafariki, na habari za mzozo wa shamba alilonunua zikaandikwa kote. Nimewaona wanawake waliokimbia miaka kumi, wakajenga nyumba za kupangisha, na siku ya kuacha mbio wakagundua kila hati ina jina la mume, au la kocha. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuzungumzia ndoto na hofu, tunakwenda ofisi ya ardhi kutazama hati ina jina la nani. Kama lake halimo, tunatafuta wakili wiki hiyo hiyo, wakati bado anashinda na watu bado wanamsikiliza.