Muktadha mzito na muktadha mwepesi: nini maana yake katika mawasiliano

Mjerumani anamuuliza fundi seremala wa Dar es Salaam, "Meza itakuwa tayari Ijumaa?" Fundi anajibu, "Inshallah, tutajitahidi." Mswahili aliyesimama pembeni ameshajua kuwa Ijumaa hakuna meza. Mjerumani anaandika kwenye kalenda: Ijumaa, meza. Siku ikifika, huyu anamwona mwenzake mwongo, na yule anashangaa mgeni amekasirikia nini ilhali aliambiwa mapema.

Hapo hata wangekuwa wote hodari wa Kiswahili, wasingeelewana. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewafundisha wanadiplomasia wa nchi yake miaka ya 1950, mwaka 1976 alieleza tofauti hii kwa dhana ya muktadha mzito na muktadha mwepesi. Penye muktadha mzito, maneno hubeba sehemu ndogo tu ya ujumbe. Kilichobaki utakipata kwa kuangalia nani anasema, mbele ya nani, kwa sauti gani, na nini amekiruka. Penye muktadha mwepesi, kisichotamkwa wala kuandikwa hakijasemwa. Hall aliwaweka Wajapani na Waarabu upande mzito, na Wajerumani na Waswisi wanaozungumza Kijerumani upande mwepesi.

Sisi wa pwani tuna mfano ambao sidhani kama kuna unaoushinda: kanga. Mwanamke wa Unguja anapita mbele ya baraza ya jirani yake amejitanda kanga iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Ujumbe umefika, tena umefika kwa anayehusika peke yake. Nenda kamshtaki kwa sheha uone: hakufungua kinywa, amevaa nguo yake tu.

Dhana hii imekosolewa, na kwa haki, kwa kuwapachika watu wa taifa zima lebo moja bila ushahidi wa kutosha. Mtu yuleyule anayeelewana na mkewe kwa kukohoa tu, akienda benki anataka kila kifungu cha mkopo kiandikwe. Ichukue basi kama swali la kujiuliza kabla ya kikao: mwenzangu anategemea maneno kiasi gani?

Ukishughulika na mtu wa muktadha mzito, punguza maswali ya ndiyo au hapana, maana "ndiyo" ya heshima haina gharama. Badala ya "Mzigo utatoka bandarini Jumatatu?", uliza "Mzigo umefikia hatua gani, na zimebaki karatasi zipi?" Hapo anaweza kukwambia ukweli bila kukuvunjia heshima wala kujiaibisha. Kwa upande wa pili, ukiwa na bosi Mholanzi, "tutajaribu" yako ataihesabu kuwa ahadi. Mwambie Jumatatu haiwezekani, kisha taja siku inayowezekana. Na barua pepe yake ya mistari miwili, isiyo na hata habari za asubuhi, usiisome kama hasira. Mara nyingi hakuna kitu nyuma yake.