"Kama Yalivyotumika katika Taarifa": Dhana Potofu kuhusu Maana ya Maneno katika Ufahamu

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, huanza kwa ufahamu wa alama 15, na swali la mwisho la sehemu hiyo aghalabu humtaka mtahiniwa aeleze maana ya maneno au vifungu fulani kama yalivyotumika katika taarifa. Kila ninapokutana na wazazi wa watahiniwa, ombi huwa lile lile: mwalimu, mtoto hana msamiati, mpe orodha ya maneno magumu ayakariri. Ombi hilo limenichosha, kwa kuwa chimbuko lake ni imani kwamba neno lina maana moja, kwamba maana hiyo imehifadhiwa katika kamusi, na kwamba aliyeikariri ndiye atakayezoa alama.

Ninavyoona ninaposahihisha, wengi wanaokosa swali hili hukosa kwa maneno wanayodhani wanayajua. Tazama kifungu hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi la darasani: "Mzee Shamte alipofika gatini, alikuta shehena imekwisha kupakuliwa na wachukuzi wameketi wakingoja ujira. Walitaja bei iliyomkirihi, lakini alipoona jua linakuchwa na mwafaka haujapatikana, alifungua kibindo akawalipa bila kuteta."

Mwanafunzi wa orodha akiulizwa maana ya "kuteta" huandika "kusengenya", na kamusi haimkanushi, kwani kuteta ni pamoja na kumsema vibaya mtu asiyekuwapo. Tatizo ni kwamba wachukuzi wako papo hapo mbele ya mzee, bei imetajwa, imemchukiza, na kinachotarajiwa kwa mtu wa namna hiyo ni kubishana; hilo ndilo aliloliacha. (Lugha ya mtaani, ambayo hulitumia neno hilo kwa maana ya kulalamika, ingemfikisha karibu na jibu kuliko orodha yake.) Neno "mwafaka" nalo hulieleza kuwa "-enye kufaa", kwa sababu amezoea kusikia "wakati mwafaka", bila kujiuliza ni kitu gani "hupatikana" baina ya pande mbili zinazovutana kuhusu bei, ambacho bila shaka ni makubaliano. Ajabu ni kwamba "kibindo", neno ambalo pengine hajapata kulisikia, ndilo analolipatia: limefunguliwa, malipo yakatoka, basi ni mahali pa kuwekea fedha. Hata kama hajui kwamba ni pindo la nguo kiunoni, amekwisha kulifahamu kwa kiwango ambacho taarifa yenyewe inamruhusu.

Ndiyo maana sichoki kuwaambia wanafunzi wangu waandike jibu kwa penseli juu ya neno lililoulizwa, kisha waisome sentensi nzima kimoyomoyo. "Akawalipa bila kusengenya" na "alipoona -enye kufaa haujapatikana" ni majibu yanayojikataa yenyewe kabla ya mtahini kuyafikia. Jaribio hilo huchukua muda mfupi sana, na bado wengi hulipuuza kwa kisingizio kwamba saa mbili na nusu za karatasi hiyo hazitoshi.

Wapo wanaoamini kwamba dokezo lazima liwe katika sentensi ile ile yenye neno. Mara nyingi huwa karibu, hasa panapotokea "yaani", "lakini", "ilhali" au "licha ya", lakini taarifa inaweza kumwita mtu goigoi katika aya ya kwanza na kutuonyesha uvivu wake katika aya ya tatu. Anayeruka moja kwa moja hadi kwenye mstari wenye neno lililoulizwa amejinyima ushahidi.

Dhana nyingine, ambayo sisi walimu ndio tunaoieneza, ni kwamba muktadha hutosha daima. Hautoshi. Wakati mwingine hukujulisha tu kwamba neno linasifu au linalaumu, na hapo sarufi hufaa zaidi ya kubahatisha: paa likivuja, upatanisho wa kisarufi umekwisha kukwambia kwamba si mnyama, paa akitoroka, si sehemu ya nyumba. Semi ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa haziachi maana yake katika neno mojamoja, na mtahiniwa anayeandika kwamba "alipiga moyo konde" ni "alijipiga ngumi kifuani" amefasiri kila neno akakosa kuona kwamba mhusika alijikaza.

Kuhusu wale wanaodai kwamba aliyezaliwa Lamu au Mombasa hahitaji mazoezi ya ufahamu, sina la kusema zaidi ya kwamba kuzungumza kwa ufasaha na kueleza kwa maandishi neno lililoandikwa na mtu mwingine ni stadi mbili.

Urefu wa jibu pia hauongezi kitu. Kunakili sentensi ya taarifa si kueleza maana, na kurundika maana tatu ili mtahini ajichagulie ni kukiri kwamba hukujua ni ipi iliyotumika. Jibu lilingane na umbo la neno lenyewe: aliyeulizwa "bila kuteta" aandike "bila kubishana", wala asiandike "ni mtu asiyependa ugomvi".