Kutenganisha akaunti za biashara: kinachokatika na kinachobaki

Ukurasa wa biashara wa Facebook ukiunganishwa na akaunti ya Instagram, huduma hizo mbili hupata ruhusa ya kupitishiana vitu. Chapisho moja hutokea pande zote, ujumbe wa wateja hukusanyika katika Meta Business Suite, yaani programu ya kusimamia kurasa za biashara ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, na tangazo la kulipia huonekana huku na kule. Kutenganisha ni kuiondoa ruhusa hiyo, basi. Akaunti haifutwi, wafuasi wanabaki, na picha zilizokwisha kuchapishwa hukaa zilipo. Picha usiyoitaka utaifuta mwenyewe.

Wengi hukwama kwa kudhani kiungo ni kimoja. Kipo cha ukurasa na Instagram, ambacho hukatwa katika mipangilio ya ukurasa, sehemu ya akaunti zilizounganishwa. Kipo cha Kituo cha Akaunti, kinachofungamanisha wasifu wako binafsi na Instagram kwa ajili ya kuingia na kushiriki machapisho. Tena akaunti inaweza kuwa imesajiliwa kama mali ya biashara katika mfumo wa usimamizi wa Meta, na hapo aliyeisajili ndiye mwenye kauli. Ukikata kimoja, vingine viko palepale. Ndiyo maana mtu hutenganisha asubuhi, jioni akashangaa picha zake bado zinavuka. Programu za nje za kupanga machapisho nazo zina ruhusa zao, za kuondolewa peke yake.

Kabla ya kukata, hakikisha Instagram ina baruapepe, namba ya simu na nywila yake yenyewe. Aliyezoea kuingia kwa kupitia Facebook anaweza kujikuta amefungiwa nje, na kurudishiwa akaunti ni kazi ya kuchosha kuliko kutenganisha kwenyewe. Angalia pia matangazo yanayoendelea: yaliyotegemea Instagram hiyo yanaweza kusimama. Na kama wewe si msimamizi mwenye mamlaka kamili juu ya ukurasa, huenda usikione hata kitufe chenyewe.

Kuna jambo moja ambalo kutenganisha hakulitibu: mfanyakazi au wakala aliyeondoka. Huyo ondoa jina lake kwenye orodha ya wenye mamlaka, badilisha nywila, kisha ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia. Akaunti zenyewe zinaweza kuendelea kuunganishwa bila tatizo.