Vikundi vya kujadili hewa ukaa: dhana potofu na ukweli wake

"Watu wakielimishwa watabadilika. Semina moja inatosha."

Kabla ya kufika kwenye vikundi vya kupunguza hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, naanza na dhana hii kwa sababu imekula fedha nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilitaka familia zipike moyo, figo na nyama nyingine za ndani, kwani nyama ya kawaida ilihitajika jeshini. Mwanasaikolojia Kurt Lewin akawajaribu akina mama wa nyumbani kwa njia mbili. Wapo waliosikiliza mhadhara mzuri kuhusu lishe na vita, wakaondoka na mapishi mkononi. Wengine walikaa kwenye vikundi vya watu 13 hadi 17 wakajadili wenyewe kinachowakwamisha: harufu wakati wa kupika, mume atakayesukuma sahani. Mwisho wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu, wakanyoosha mikono mbele ya wenzao. Muda ulikuwa uleule, dakika 45. Baadaye walipofuatiliwa, waliopika nyama ambayo hawakuwahi kuipika walikuwa asilimia 3 ya wasikilizaji wa mhadhara, na asilimia 32 ya waliojadiliana.

Vikundi vya leo vya kupunguza hewa ukaa vinasimama juu ya jambo hilohilo. Kule Cambridge, Uingereza, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia Rosemary Randall na mhandisi Andy Brown walianzisha Carbon Conversations: watu sita hadi wanane, vikao sita, wakizungumzia nishati ya nyumbani, usafiri, chakula na manunuzi. Walisoma mita zao na kupiga hesabu za hewa ukaa wanayotoa, na mwongozaji hakugeuka mwalimu. Randall ameandika sana kuhusu hisia ya kupoteza. Mtu anaweza kujua kila kitu kuhusu tabianchi na bado akashindwa kuacha safari ya ndege ya kila mwaka, kwa sababu kuiacha kunamuuma. Maumivu hayo mhadhara hauyagusi. Kikao cha watu wanaofahamiana kinayagusa.

"Hayo ni ya Wazungu, sisi hatuchafui."

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo isifichwe. Mmarekani wa wastani hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtanzania wa wastani hafikishi hata nusu tani. Mwenye kuwataka wanakijiji wa Singida wapunguze sawa na mkazi wa Texas anawaonea.

Lakini hesabu hiyo hutaja zaidi mafuta, gesi na makaa ya mawe. Miti inayoishia kwenye gunia la mkaa haionekani vizuri humo. Tanuri la kienyeji hula kilo sita za kuni na zaidi ili kutoa kilo moja ya mkaa, kisha moshi unamalizikia kifuani mwa mpishi. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini atakayeliwezesha ni mama mmoja kumwambia mwenzake: loweka maharage usiku, mwaga yale maji, kisha yatie kwenye jiko la presha la umeme. Chungu kizima hakimalizi uniti moja, na uniti haifiki shilingi 400. Mwenzake atauliza kama yanaiva sawasawa na kama nazi inashika. Maswali hayo yakijibiwa na mtu aliyekula maharage yenyewe, jiko litanunuliwa. Tangazo la redio haliwezi kuyajibu.

"Ni mbinu ya makampuni ya mafuta kututwisha lawama."

Hofu hii ina msingi. Kampuni ya mafuta ya BP ndiyo iliyovumisha mazoea ya kila mtu kukokotoa nyayo zake za kaboni, yaani hewa ukaa anayoisababisha, katikati ya miaka ya 2000. Ila kikundi kizuri hakiishii jikoni. Katika semina za Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti ya Wangari Maathai wa Kenya, iliyoanza 1977, wananchi walitaja matatizo yao, wakatafuta chanzo chake, na humo wakaona sehemu ya serikali na sehemu yao pia. Waliopanda miti ndio haohao waliotetea bustani ya Uhuru Park, Nairobi, isijengwe ghorofa mwaka 1989.

Na wanaodhani kuacha mifuko ya plastiki na kuzima taa kunatosha: ni vizuri, endeleeni. Lakini safari moja ya ndege, Dar es Salaam hadi London na kurudi, hutoa takriban tani nzima ya hewa ukaa kwa abiria mmoja au zaidi. Ndugu zetu walioko ughaibuni ndio hasa wanaopaswa kuijadili.

"Bila mfadhili, mtaalamu na posho, kikundi hakitadumu."

TIST, mpango wa kimataifa wa vikundi vidogo vya kupanda miti, ilianzia Mpwapwa, Dodoma, mwaka 1999 na wakulima wa kawaida, katika vikundi vya watu 6 hadi 12 wanaopanda miti na kupeana mbinu za kilimo na majiko sanifu. Uongozi huzunguka. Kila kiongozi akimaliza zamu, wenzake humtajia jambo jema mahususi waliloliona kwake, nao huita desturi hiyo kujengana. Fedha ya kaboni, yaani malipo kwa hewa ukaa inayofyonzwa na miti yao, huja, lakini ni ndogo na huchelewa. Kinachowakutanisha ni wao kwa wao.

VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, na vyama vya akina mama tayari vina siku ya kukutana na imani kati ya wanachama. Kikao cha kwanza, kila mmoja aje na risiti zake za LUKU, umeme wa kulipia kabla, za mwezi na hesabu ya makopo ya mkaa aliyonunua. Zisomwe kwa sauti, na mwenye matumizi madogo aulizwe anafanyaje.