Hewa ya kupima presha ya macho haiachi jicho limebonyea

"Usikubali kupulizwa jichoni, jicho likibonyea halirudi." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu yetu hapa Mwanza. Si kweli.

Kinachobonyea ni konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Hewa inayopulizwa na mashine ya kupima presha ya ndani ya jicho inausukuma, unakuwa bapa eneo lenye upana wa milimita chache, unaingia ndani kidogo, kisha unarudi ulivyokuwa, yote kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mashine inamulika mwanga kujua ni wakati gani konea imekuwa bapa. Jicho lenye presha kubwa linahitaji msukumo zaidi. Kwa kawaida namba ya presha huwa kati ya 10 na 21 (milimita za zebaki).

Kinachotisha ni ule mlio, "pfuu!", na chozi linalofuata. Hata mvuvi aliyezoea upepo wa ziwa hurusha kichwa nyuma. Wengine huambiwa siku hiyohiyo kwamba wana presha ya macho, wakadhani hewa ndiyo imeileta.

Una shaka? Soma herufi za ukutani kabla ya kupimwa, uzisome tena baadaye. Mwombe pia mpimaji arudie: namba hutofautiana kidogo tu. Ujumbe huo ukikufikia, usiutume kwa mwingine. Presha ya macho mara nyingi haiumi, na bila kipimo mtu hajui kama anayo.