Je, wajua kwa nini mzimamoto huitwa askari?

Askari wa zimamoto hana bunduki wala mpaka wa kulinda. Silaha zake ni mpira wa maji, shoka na ngazi. Hata hivyo ana sare, ana cheo begani, anapiga saluti na anapokea amri kutoka kwa kamanda. Daktari naye anaokoa maisha, fundi bomba naye anashinda na maji, lakini hao hatuwaiti askari. Huyu kapewaje jina hilo?

Kijijini moto huzimwa na majirani. Ndoo zinapita mkono kwa mkono kutoka kisimani, na paa lililo karibu linabomolewa kabla cheche hazijalifikia. Hakuna anayehitaji cheo, maana kila mtu anajua kisima kiko wapi na nani amelala ndani ya nyumba ile. Mji ukishakua, ujuzi huo hupotea. Wanaokimbilia moto hawajuani, na kila mmoja ana lake la kuamuru.

Tazama Cincinnati, Marekani. Mwaka 1820 ulikuwa mji wa watu wasiofika 10,000. Mwaka 1850 walikuwa wamepita 115,000. Kazi ya kuzima moto ilikuwa mikononi mwa vikundi vya kujitolea, kila kimoja na pampu yake ya mkono, jina lake na mashabiki wake. Kufika wa kwanza kwenye moto ilikuwa sifa kubwa mtaani, kwa hiyo vikundi viligombea njia na maji hadi kutwangana. Mwaka 1851 kiwanda cha kuranda mbao kilishika moto, na wazimamoto wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe huku kiwanda kikiteketea. Wenye mji wakachoka. Tarehe 1 Aprili 1853 wakaanzisha kikosi cha watu wanaolipwa mshahara, chini ya mkuu mmoja, Miles Greenwood, aliyekuwa na kiwanda cha chuma.

Mwaka huohuo kikosi kilipata pampu ya mvuke iliyobuniwa na Alexander Latta, dude zito lililohitaji farasi wanne kulivuta. Greenwood anakumbukwa kwa namna alivyoisifia: hailewi, hairushi watu matofali, na kasoro yake ni moja tu, haipigi kura. Hilo la kura halikuwa utani mtupu. Vikundi vya zimamoto vilikuwa ngome za siasa. Kule New York, William Tweed, aliyekuja kuutia mji mzima mfukoni, alianza kujulikana akiwa kiongozi wa kikundi cha pampu.

Hata hivyo, mshahara peke yake hautoshi kueleza jambo hili. Hadi leo zaidi ya nusu ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea, na moto wanauzima vizuri. Kwa maoni yangu jibu lenyewe liko Edinburgh, Scotland.

Mwaka 1824 mji huo ulimteua kijana wa miaka 24, James Braidwood, kuongoza kikosi kipya cha zimamoto. Akachagua waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi na mafundi bomba, watu wanaojua nyumba ilivyojengwa na hawaogopi kimo. Aliwafanyisha mazoezi gizani kabla ya mapambazuko, ili waweze kushika vifaa bila kuviona. Kabla hawajaiva, Novemba ya mwaka huohuo moto mkubwa ukalipuka katikati ya mji wa kale, ukaua watu 13 na kuacha mamia ya familia bila makao. Kila mheshimiwa aliyefika alitoa amri yake. Huyu anaelekeza pampu huku, yule anazirudisha kule, na Braidwood hana mamlaka ya kumkatalia yeyote. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Funzo lililotoka kwenye majivu yale ni kwamba kwenye moto, mkuu wa zimamoto ndiye mwenye amri peke yake, hata awe kijana mbele ya wazee wa mji.

Mwaka 1833 Braidwood alichukuliwa London. Huko kila kampuni ya bima ilikuwa na wazimamoto wake. Kampuni kumi zikaunganisha nguvu na kumkabidhi kikosi kimoja. Kwa mabaharia waliojiunga na kikosi hicho, kupanda kamba, kukesha kwa zamu na kutii amri bila ubishi ni mambo waliyoyazoea melini. Tarehe 22 Juni 1861, kwenye moto wa maghala ya mtaa wa Tooley, ukuta ulimwangukia Braidwood akafa. Hasara ya siku ile iliwatisha wenye bima, wakasema mzigo huu sasa ni wa umma. Mwaka 1866 kikawa kikosi cha umma chini ya Eyre Massey Shaw, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi.

Paris ilikuwa imeshatangulia, bila kuzungukazunguka. Mwaka 1810 moto ulizuka kwenye dansi ya balozi wa Austria, Napoleon mwenyewe akiwa miongoni mwa wageni. Mwaka uliofuata aliwatia wazimamoto wa mji huo jeshini, na hadi leo ni wanajeshi kamili. Hata Roma ya kale ilifikia hukohuko: mwaka wa 6 baada ya Kristo Kaisari Augusto aliunda vikosi saba, kila kimoja kikilinda mitaa miwili kati ya 14, vyote chini ya mkuu mmoja. Alikuwa na sababu. Zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo, mwanasiasa Egnatius Rufus alikuwa ameunda kikosi chake binafsi cha kuzima moto, akapendwa na watu kupita kiasi, na mwishowe akauawa kwa tuhuma za njama.

Siku hizi mpangilio wa amri umekuwa taaluma. Mwaka 1970 mioto ya nyika ilipoiunguza California, vikosi vilikuja kutoka kila upande, na havikuelewana redioni wala kwa majina ya vyeo. Hapo ndipo ulipobuniwa utaratibu unaotumika sasa katika nchi nyingi: tukio moja lina kamanda mmoja anayejulikana, na kila kiongozi anasimamia watu watano hivi, wasizidi saba. Ofisa wa kwanza kufika ndiye kamanda, hata kama cheo chake ni kidogo. Mkubwa wake akifika baadaye, hashiki uongozi kwa kufika tu. Anasimama kando, anaelezwa hali ilivyo, na makabidhiano yanatangazwa redioni ili kila aliye ndani ya moshi ajue sasa anamsikiliza nani.