Je, Wajua Kwa Nini Marine wa StarCraft Hujidunga Sindano Inayomla Uhai?

Anayecheza StarCraft, mchezo wa vita wa kompyuta, kwa mara ya kwanza akiwa upande wa Terran, yaani wanadamu, hukutana mapema na amri moja inayotatiza. Unambonyeza Marine, askari wako wa kawaida mwenye uhai wa pointi 40, unamwamuru ajidunge dawa, na papo hapo anabaki na 30. Hakuna adui aliyemgusa. Robo ya uhai wake imekwenda kwa hiari yake mwenyewe. Kwa nini watengenezaji wa mchezo huu, kampuni ya Blizzard iliyoutoa mwaka 1998, wampe askari silaha ya kujiumiza?

Jibu linapatikana kwa mtu mwingine anayesimama karibu naye, asiye na bunduki.

Tumjue kwanza Marine mwenyewe. Katika hadithi ya mchezo, Terran ni wazao wa wafungwa waliofukuzwa Duniani na kutupwa pembe ya mbali ya galaksi, na wengi wa Marine ni wahalifu waliochezewa akili ili watii amri. Wanavishwa suti nzito ya chuma, wanakabidhiwa bunduki, wanapelekwa mbele. Bei yake ni madini 50 tu, na hakuna mpiganaji wa Terran anayepatikana kwa bei ndogo kuliko hiyo. Ila mweke mbele ya Zealot, askari wa upanga wa Protoss, jamii ngeni inayopigana na Terran, uone. Zealot ana uhai 100 na ngao ya 60 juu yake, na akimfikia Marine asiye na maboresho, anamuua kwa mapigo matatu. Kwa madini 100 ya Zealot mmoja unapata Marine wawili, na hao wawili wakisimama tu uwanja wa wazi wanakufa.

Ndipo sindano inapoingia. Marine aliyejidunga hufyatua risasi kwa kasi mara mbili na hukimbia kwa kasi iliyoongezeka nusu. Kwa sekunde chache, Marine sita wanapiga kama kumi na wawili, na wanaweza kurudi nyuma, kugeuka, kupiga, kisha kurudi tena kabla adui hajawafikia. Ni nguvu kubwa kwa pointi 10 za uhai.

Fanya hesabu, lakini. StarCraft ya kwanza hukuruhusu kuteua askari 12 kwa wakati mmoja. Wote 12 wakijidunga mara moja, umepoteza uhai 120, sawa na Marine watatu wazima, na vita hata haijaanza. Wakijidunga mara ya pili umepoteza watatu wengine. Katika toleo la awali uhai huo haukuwa na njia ya kurudi, kwa sababu SCV, yule fundi wa Terran, hukarabati mitambo na majengo tu. Kila dozi ilikuwa deni lisilolipika.

Mwishoni mwa mwaka huohuo 1998 likaja toleo la nyongeza, Brood War, na ndani yake akaja Medic. Huyu ni tabibu wa vitani mwenye uhai 60, na hawezi kumpiga risasi hata adui mmoja. Anachofanya ni kugeuza nishati yake kuwa uhai wa wenzake: nishati moja, uhai pointi mbili. Ile dozi ya askari 12, iliyogharimu uhai 120, sasa inalipwa kwa nishati 60. Medic anatoka kambini na nishati 50, kwa hiyo wawili tu wanaifuta hasara yote na bado wanabaki na akiba. Akingoja mpaka nishati ifike 200, mmoja peke yake amebeba uhai 400, yaani Marine kumi wazima.

Hapa ndipo napenda sana jinsi kikosi hiki kilivyofikiriwa. Utafiti wa sindano hufanyika katika jengo la Academy, na ni jengo lilelile linalokuruhusu kuzalisha Medic. Mwenye kuitaka dawa ameshapata na wa kutibu madhara yake. Na wachezaji wazuri hawamfichi Medic nyuma. Humtanguliza, kwa kuwa Zealot na Zergling, askari wadogo wa Zerg, jamii ya tatu ya mchezo huu, lazima wafike mwilini ndipo wapige, na mstari wa Medic unawazuia huku Marine wakiwamiminia risasi kutoka nyuma yake. Asiye na silaha ndiye ukuta.

Firebat naye hutembea na kundi hili akichoma kwa moto wa karibu, na hujidunga vilevile. Kazi yake ni nyembamba, ila dhidi ya Zergling wengi anafaa sana.

Brood War haikuleta Medic peke yake. Iliwapa Zerg kiumbe kiitwacho Lurker, anayejichimbia ardhini asionekane na kurusha miiba inayochoma kila aliye kwenye mstari mmoja. Mwiba hutoa uhai 20, kwa hiyo miwili inamtosha Marine, na Medic hana muda wa kumwokoa. Bunduki hazina wa kumlenga, maana hakuna anayemwona. Hapo kundi zima linategemea Science Vessel, chombo cha angani kisicho na bunduki wala kombora, lakini chenye uwezo wa kuona vilivyofichika. Au linategemea skani ya Comsat kutoka kituoni, inayokula nishati 50 kila inapotumika. Skani zikiisha mbele ya Lurker watatu, rudisha askari nyumbani.

Dhidi ya Protoss mambo hubadilika. Dhoruba ya High Templar, askari wa Protoss anayepiga kwa nguvu za akili, hufuta kundi la Marine kwa pumzi moja, na hakuna idadi ya Medic inayofidia. Terran wengi huachana na askari wa miguu na kushika vifaru vya Siege Tank, ambavyo vikitia nanga hupiga mbali kwa pigo la 70, lakini haviwezi kumpiga aliyevisogelea kabisa. Navyo basi vinahitaji wa kuvilinda mbele, na SCV wa kuvikarabati.

Aliyeonyesha dunia thamani ya ushirikiano huu ni Lim Yo-hwan wa Korea Kusini, ajulikanaye kama BoxeR, bingwa wa StarCraft katika World Cyber Games, mashindano ya dunia ya michezo ya kompyuta, mwaka 2001 na 2002. Alisifika kwa kupakia Marine na Medic wachache kwenye Dropship, ndege ya kubebea askari, kuwashusha nyuma ya kituo cha adui, na kuwatunza mmoja mmoja mpaka wafanye kazi ya jeshi kubwa.

StarCraft II ilipotoka mwaka 2010, kazi hizo mbili ziliunganishwa. Katika mechi za ushindani Medic hayupo tena. Mahali pake kuna Medivac, ndege inayobeba Marine wanane na kuwatibu ikiwa juu yao. Kikosi kinafika popote kikiwa na tabibu wake, na sindano bado inakula pointi zilezile 10. Ila ndege hiyo ikitunguliwa njiani, wanane waliomo na tabibu wao wanaanguka pamoja, ndiyo maana mpinzani mwenye macho huilenga yenyewe kabla ya kitu kingine chochote.